Mathenge inakatwa kila siku, mbona basi inaongezeka?

Watu wengi wa Nakuru tunaijua mathenge, ule mti wa miba (Prosopis juliflora), kwa jiko tu. Muulize mama wa makaa pale mtaani hii ni ya wapi atakuambia ni ya Marigat, kule Baringo, ni mathenge, nzito hiyo kastoma, ukiwasha utapika maharagwe yaive usonge ugali na bado kubaki moto wa chai. Sasa kama lori zinatoka Baringo na magunia kila wiki, na watu wanakata mchana na wengine usiku, huo mti si ungekuwa umeisha kitambo? Mbona ukishuka huko unaona umesogea, pahali juzi juzi palikuwa pa kuchungia mbuzi leo ni ukuta wa miba hata mkono hauwezi kupenya?

Na si macho yanadanganya. Watafiti waliochora ramani ya huko kwa picha za setilaiti walipata mathenge ilikuwa imeshika hekta 882 mwaka wa 1988, kufika 2016 ikawa hekta 18,792. Ukigawanya hilo ongezeko kwa hiyo miaka 28 ni kama hekta 640 kila mwaka, yaani zaidi ya ekari 1,500 zinaenda, na ndani ya hicho kipindi nyasi kwenye hilo eneo zilipungua kwa asilimia 86. Hapo si msitu wa Mau ati mvua inanyesha, ni bonde kavu, jua la kupasua udongo, mtu asipokuwa na nyasi hana ng'ombe na asipokuwa na ng'ombe hana karo ya watoto.

Lakini tusianze na lawama, juu huu mti haukuletwa kwa ujinga. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, Kenya ulipandwa kwanza 1973 kule Bamburi, Mombasa, kwenye mashimo yaliyobaki baada ya kuchimbwa mawe ya simiti, mahali mimea mingi ilikuwa imekataa kabisa. Baringo ulifika 1982 na mradi wa kupanda miti ya kuni, serikali na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), wakati ukame ulikuwa umepiga watu vibaya na vumbi limefunika kila kitu na kina mama wanatembea mbali kutafuta kuni. Na ukitaka kuwa mkweli ulifanya kazi iliyouleta, kuni zikapatikana, vumbi likatulia, kivuli kikawepo. Shida ni kuwa hakuna mtu alipanga nani ataisimamisha siku ikikataa kusimama.

Turudi kwa swali la makaa manake hapo ndo watu wengi wanapotea. Mathenge ukiikata kwa panga kiunoni, ama hata ukiinama ukaikata usawa wa udongo, hujaua kitu. Pale shina linapoingia ardhini, chini kidogo ya udongo, kuna machipukizi yamelala, na ukiondoa mti mkubwa unakuwa umeyaamsha. Shina moja linarudi likiwa matano, sita, saba, yote yana miba na yote yanatanda kwa upande badala ya kupanda juu, na mzizi wenyewe haujaguswa. Huo mzizi si wa mchezo, Arizona kule Marekani kuna mgodi walikuta mzizi wa mti wa ukoo huu kama mita 53 chini ya ardhi, na ndio sababu kiangazi kikishakausha kila kitu Marigat yenyewe inabaki kijani kama imemwagiliwa. Mchoma makaa hiyo tabia kwake ni baraka, anakata, anaacha, baada ya miaka michache anarudi pale pale anakata tena. Kwa hivyo yale magunia yanayopita Mogotio kuja Nakuru sio dalili ya kichaka kuisha, mengi ni mavuno.

Kuiua kwa mkono inataka hivi: unasafisha matawi kwanza ndio usitobolewe, unachimba na jembe kuzunguka shina, unashuka mpaka upite pale shina linageuka kuwa mzizi, alafu unakata kwa shoka chini ya hapo na unatoa kichwa chote nje. Mti mkubwa unaweza kumaliza asubuhi ya wanaume wawili na mmoja wao arudi nyumbani akichechemea, juu hiyo miba inapita ndala, inapita hata tairi, uliza boda boda wa Marigat kuhusu pancha. Njia nyingine ni kukata na kupaka kisiki dawa papo hapo kabla hakijakauka, inafanya kazi, lakini dawa ni pesa na inataka mtu anayejua anachofanya, sio kumwaga mwaga karibu na maji ya mifugo. Kale kamche ka mwaka wa kwanza nako unakang'oa kwa mkono na glavu, udongo ukiwa na unyevu, dakika haziishi. Kumbuka hiyo tofauti, tutaihitaji.

Upande wa pili ni mbegu. Maganda ya mathenge yakiiva yanakuwa manjano, matamu, na yanaanguka wakati wa ukame kabisa ambapo hakuna kitu kingine cha kula, kwa hivyo mbuzi, ng'ombe, ngamia, hata ngiri, wote wanayafuata. Tumbo linameng'enya utamu, mbegu yenyewe ngumu inapita nzima, ikitoka inatoka imelainishwa kidogo na imefunikwa mbolea, hakuna kitalu cha miche kingefanya vizuri zaidi. Mbuzi anakula Ng'ambo leo, kesho kutwa anaangusha Salabani. Na ule utamu mbuzi akiula kila siku unaozesha meno, mpaka mwaka wa 2006 watu wa jamii ya Ilchamus waliposhtaki serikali mahakamani Nairobi walibeba mbuzi asiye na meno kama ushahidi, watu wakacheka kwenye magazeti lakini huyo mbuzi alikuwa anakufa njaa na chakula kiko mbele yake. Mwaka wa 2008 serikali ikatangaza rasmi kuwa mathenge ni gugu hatari.

(Kuna na hili la mbu, watu wengi hawalijui: Mali, utafiti uliotoka 2017 ulionyesha vijiji vilivyokata matawi yenye maua ya huu mti vilibaki na mbu wachache sana, walipungua karibu asilimia 69, juu mbu wanakunywa nekta ya yale maua na wanaishi muda mrefu.)

Sasa weka hizo mbili pamoja, mti usiokufa ukikatwa na mbegu inayotembea kwa miguu ya mbuzi, alafu fikiria mtu ako na ekari tano pale Marigat karibu na mfereji wa umwagiliaji wa Perkerra. Anaamua mwaka huu mathenge kwake inaisha. Anauza mbuzi, analipa vijana, wanachimba vizuri kabisa vile nimeeleza, shamba linabaki jeupe. Mvua inakuja, mto unafurika unaleta mbegu kutoka juu, mfereji unaleta zake, mbuzi za jirani zinakatiza zikiacha mavi, na udongo umebaki wazi na jua na nafasi, kitu huu mti unapenda kuliko vyote. Mwaka wa pili ana miche imefungana kuliko ile aliyotoa. Kazi aliifanya sawa sawa, ila majirani wote walikuwa wamekaa.

Na huyo ako na afadhali, shamba lake lina mpaka. Sehemu kubwa ya mathenge iko kwa ardhi ya jamii, kando ya barabara, kingo za mto, ufuo wa ziwa. Sheria ya magugu ambayo mathenge iliingizwa 2008 ni ya zamani na inaweka mzigo kwa mwenye ardhi, yaani wewe ndo usafishe kwako. Sawa, ardhi ya jamii mwenyewe ni nani? Kingo za mto ni za nani, za kaunti, za wizara ya maji, ama za yule analimia hapo? Kila mmoja anaweza kukuonyesha barua kuwa si yeye. Gugu linapenda sana hizo sehemu ambazo ofisi mbili zinasukumiana.

Alafu usidhani kila mtu huko anataka iishe, hii ndo fundo lenyewe na ndo watu wa semina huwa wanaliruka. Mchoma makaa anaishi kwa mathenge. Kuna mwenye mizinga ya nyuki, nyuki wanapenda hayo maua. Kuna mama anafunga boma na matawi yake, kuna fundi wa nguzo, kuna wanaookota maganda kuuza yasagwe kuwa chakula cha mifugo. Upande ule mwingine kuna mwenye ng'ombe ambaye malisho yake yamekwisha na mwenye shamba la mahindi ambaye mfereji umezibwa. Na wakati mwingine hawa wote wako boma moja, baba analalamika ng'ombe hazina nyasi, kijana wa kwanza analipa karo ya mdogo wake na pesa ya makaa. Ukienda kwa baraza ukasema tu tuangamize mathenge kila mtu atapiga makofi na hakuna kitu kitafanyika.

Kwa hivyo ushirikiano wa maana unaanza na ramani, sio na panga. Mnakaa mnakubaliana wapi ni wapi. Sehemu ambazo mathenge haijafika, kazi ni kulinda isiingie. Sehemu iko miti michache michache, hapo ndo mnang'oa yote, mpaka mizizi. Sehemu imeshafunga kabisa, hapo mnaizuia isipanuke na mnaitumia, makaa, maganda, nguzo, mwenye nyuki aweke mizinga yake. Ukiitazama vizuri hiyo mpango inampa kila mtu kitu, mchoma makaa hafukuzwi ila anaambiwa kata huku usikate kule, mfugaji anapata uhakika kuwa ile nyasi yake nzuri iliyobaki italindwa na watu wote.

Na hapa kuna kitu kinasumbua akili. Kila mtu akiambiwa apigane na mathenge anakimbilia pale imefunga zaidi, juu ndo inatisha, na pia ndo kuna makaa. Ukweli ni kinyume. Ule mti mmoja umesimama pekee yake katikati ya nyasi safi, wenye kivuli kizuri mchungaji anapumzikia hapo, huo ndo wa kwanza kutoa, manake mbuzi wanalala chini yake wakila maganda na mwakani una miti mia. Kumi kama hizo wanakijiji wanatoa kwa siku mbili, lakini kichaka cha ekari kumi kinamaliza mwaka mzima na bajeti yote. Mto nao mnaanza juu mkishuka, ukianza chini utasafisha hadi uzeeke.

Baada ya kung'oa lazima kitu kingine kishike udongo haraka. Baringo wamefanya hii kwa muda, shirika la RAE limekuwa huko tangu 1982 likirudisha nyasi kwa ardhi iliyokufa, wanafunga uwanja kwa ua, wanapanda nyasi za kienyeji, mifugo haiingii mpaka zikomae, baadaye watu wanauza mbegu, wanauza nyasi za kuezeka, wanakodisha malisho wakati wa kiangazi. Nyasi ikishafunga mche wa mathenge unapata shida kupenya. Lakini uwanja uliofungwa unakaa umefungwa kama watu wamekubaliana tu, ua wa miba ama wa stima haumzuii mtu ambaye hakuhusishwa na ng'ombe zake zinakufa. Ilchamus tangu zamani walikuwa na desturi ya wazee kufunga malisho fulani mpaka kiangazi na aliyeingia anatozwa faini, kwa hivyo si kitu kigeni cha kufundishwa na mradi. Juu ya hapo mnaongeza sheria moja ndogo: mifugo iliyotoka kwa maganda inakaa zizini kama wiki moja hivi, imwage mbegu hapo, ndio iingie kwa malisho safi. Inaonekana ndogo lakini jaribu kuitekeleza wakati wa ukame na jamaa wa kabila lingine wanashuka na mifugo wakitafuta maji. Ilchamus, Tugen na Pokot wote wanatumia hilo bonde na si kila siku wanasalimiana vizuri, makubaliano ya malisho yakivunjika kwa sababu ya wizi wa ng'ombe mpango wa magugu unavunjika nayo siku hiyo hiyo.

Kuna wanaosema dawa ni soko, tuitumie mpaka iishe. Ethiopia walijaribu, jimbo la Afar, ni jangwa kuliko Baringo. Vikundi vya ushirika viliundwa na vikaruhusiwa kuchoma makaa ya huu mti na kuuza, pesa ikaingia, sehemu zingine zikasafishwa na kulimwa. Lakini makaa kwa gunia hayana kitambulisho, watu wakaanza kukata na migunga ya kienyeji wakichanganya, mpaka serikali ya jimbo ikasimamisha biashara. Hapa kwetu Kenya vikundi vya wachoma makaa viko kwa sheria tangu 2009, na tulipopigwa marufuku ya kukata miti 2018 ikaonekana shida ile ile kwa upande mwingine, askari barabarani atajuaje hii ni mathenge na ile si mgunga? Marigat kulikuwa na mpango mkubwa pia wa mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuchoma mathenge, ulikwama. Maoni yangu ni kuwa soko linasaidia kulipia kazi lakini haliwezi kuwa ndo mpango, juu mfanyabiashara yeyote mwenye akili hataki malighafi yake iishe.

Sasa niwapeleke Arizona kidogo, manake kuna kichekesho huko. Jangwa la Sonora, karibu na mji wa Tucson, adui yao mkubwa ni nyasi inaitwa Cenchrus ciliaris, na hiyo ni nyasi ya kwetu, ndo moja ya zile tunapanda Baringo baada ya kung'oa mathenge. Mbegu maarufu iliyosambazwa Texas miaka ya 1940 asili yake ni Turkana. Walitaka malisho ya ng'ombe, wakapata. Huku mti kutoka upande wao wa dunia unatumaliza, huko nyasi yetu inawamaliza. Jangwa lao lilikuwa halijui moto, kati ya kaktasi na kaktasi kulikuwa na udongo mtupu, moto ukianza unakosa pa kupita. Nyasi yetu ikajaza hizo nafasi, ikikauka inawaka kwa joto kali, yale makaktasi makubwa ya saguaro yanayochukua miongo kadhaa kukua yanakufa na nyasi inachipuka tena kutoka kwa mizizi. Mwaka wa 2005 jimbo likaitangaza gugu hatari.

Wamefanya nini? Pale mlima mmoja unaweza kuwa na mbuga ya taifa upande huu, kaunti upande ule, mashamba ya watu chini na ardhi ya wenyeji wa asili nyuma. Kila mmoja akipuliza dawa kwake na jirani akaacha, upepo unarudisha mbegu. Basi wakaunda maeneo ya ushirikiano, hizo taasisi na wafugaji na wakaazi wanaandikiana makubaliano, wanatumia ramani moja, kikosi cha mmoja kinaweza kuvuka kufanya kazi kwa mwingine. Wanaojitolea wanapanda mlima na mitaimbo ya chuma kung'oa shina moja moja na kubeba kwa mifuko. Dawa nayo inashika tu nyasi ikiwa kijani, na pale jangwani ni wiki chache baada ya mvua ya kiangazi chao, kwa hivyo kama hamkupanga mapema nani anapuliza wapi, mvua inapita na mwaka umeenda. Hata na pesa zao bado wanahangaika, manake ng'ambo ya mpaka, Sonora ya Meksiko, wafugaji wameipanda kwa makusudi miaka mingi, kwao ni chakula cha ng'ombe.

Imebaki njia ya wadudu wa kula magugu, na watu wa Kisumu hapa wananisoma wakitingisha kichwa juu wanakumbuka gugumaji. Fukusi waliachiliwa Ziwa Victoria miaka ya tisini, Uganda, Kenya na Tanzania zote, gugu likaporomoka mwishoni mwa hiyo miaka, alafu likarudi tena baada ya 2006, kwa hivyo mdudu anasaidia lakini maji yakibaki na uchafu wa mashamba na mitaa hawezi peke yake. Laikipia wametumia kimdudu kinachofyonza kaktasi na kinafanya kazi nzuri.

Kwa mathenge mambo ni magumu zaidi, na tena ni kwa sababu ya watu. Afrika Kusini 1987 waliachilia mbawakavu anayekula mbegu tu, kwa makusudi, juu wafugaji walikuwa wanataka maganda na kivuli vibaki. Ilikuwa makubaliano ya katikati ya kumfurahisha kila mtu, na mifugo ikawa inayala maganda kabla mdudu hajafika. Australia 1998 wakachagua kuumiza mti wenyewe, wakaachilia nondo mdogo ambaye viwavi wake wanamaliza majani, na kule Pilbara kasi ya mathenge ya kwao ilishuka sana. Sisi tukitaka huyo nondo tutakuwa tumechagua pia mchoma makaa wa Marigat apate kuni kidogo na mwenye mizinga apate maua kidogo, na nondo hataishia Baringo, ataruka mpaka Turkana, Garissa na Ethiopia, na akishatoka kwa kichupa alicholetewa hakuna ofisi itamrudisha. Hao wote wanafaa kuulizwa kabla ya kichupa kufunguliwa.